Ndege Wawili Wasio na Midomo

Duka la Bi Vifungo lilikuwa jembamba kama korido, na kuta zake zote mbili zilijaa droo kuanzia sakafuni mpaka pale mtu anapolazimika kupanda kigoda. Juu ya droo hizo hakuandika kitu. Mbele ya kila moja alifunga kwa uzi kifungo cha aina iliyokuwamo ndani: cha mfupa, cha shaba, cha shati, cha koti, cha gauni la mtoto mchanga ambacho ukikidondosha sakafuni hukioni tena. Mteja akiomba, mkono wake ulikwenda wenyewe, huku mdomo ukiendelea na habari nyingine kabisa. Ndiyo maana mtaa mzima ulisahau jina alilopewa na wazazi wake, ukamwita Bi Vifungo, naye akaitika.

Vifungo vilimlisha. Sarafu ndizo zilizomfanya aamke mapema.

Chini ya meza ya duka, mahali ambapo wengine huweka viatu vya kubadili, Bi Vifungo aliweka ubao wake. Mumewe, Fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza vyerehani, alimchimbia vishimo vya duara katika mbao laini, akavitandika kitambaa cha kijani, kila kishimo na kipimo chake. Humo zililala sarafu za zamani, moja kwa kila mwaka tangu nchi ianze kupiga fedha zake. Nyingi alizipata palepale dukani, kwenye chenji ya wateja, maana hakuna sarafu iliyopita mkononi mwake bila kugeuzwa mbele na nyuma, hata kama kwanza ilingoja kwenye kopo mpaka apate nafasi. Vishimo vyote vilikuwa na mwenyewe, isipokuwa kimoja cha pembeni.

Hicho kilikuwa cha sarafu ya ndege wawili. Ilipigwa mwaka mmoja tu. Ilikuwa na ndege wawili waliotazamana, midomo yao ikigusana katikati kabisa. Zilipotoka, watu wengine walisema ndege wale wanapigana, wengine wakasema wanabusiana, na wakubwa hawakuafikiana ni lipi baya zaidi. Wakaamuru zirudishwe, zikayeyushwa. Zilizobaki mikononi mwa watu zilikuwa za kuhesabika, na Bi Vifungo alizitafuta tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote.

Alikuwa na masharti, na masharti hayo alifundishwa na shemeji yake, mdogo wake Fundi, aliyestaafu benki na ambaye watu bado walimwita Keshia. La kwanza: sarafu haisuguliwi, hata iwe nyeusi vipi. La pili: iliyokatwa, iliyopinda au iliyotobolewa haiingii ubaoni. La tatu: usimwonyeshe mwenye nayo kwamba umefurahi. Sharti la pili Bi Vifungo alilishika kwelikweli. Dada yake wa tumbo moja aliwahi kumletea zawadi ya sarafu iliyomeguka ukingo kidogo tu, akairudisha kwa heshima zote, na dada akanuna msimu mzima wa mvua.

Basi asubuhi moja akaingia Mama Sare, mshonaji wa ng'ambo ya barabara, ambaye nusu ya watoto wa mtaa huo walikwenda shule wamevaa kazi ya mikono yake. Siku hiyo mikono yenyewe ilikuwa myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko.

"Bi Vifungo, habari za asubuhi. Mzee yupo?"

"Nzuri, mama. Hayupo. Ameitwa chuo cha ufundi, vyerehani vyao vimegoma vyote kwa pamoja. Atarudi jioni."

"Basi na changu kimejiunga na mgomo. Gurudumu la chini lilikuwa zito, nikasema leo nakifungua mwenyewe, nisafishe, nitie mafuta. Nimekifungua, unajua nimekuta nini? Washa, kile kiduara cha chini ya gurudumu, ina picha." Akakunjua kitambaa kichafu. "Nikajiuliza, tangu lini washa zikawa na ndege? Nikakukumbuka wewe na mambo yako."

Bi Vifungo akakipokea kile kiduara cheusi. Akakipangusa grisi kwa pembe ya kitambaa, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto machozi. Likatokea bawa. Likatokea bawa la pili upande wa pili. Akageuza, akasoma mwaka. Ulikuwa mwaka wenyewe.

Kisha akageuza tena, akaona. Katikati kabisa, palepale midomo ya ndege ilipokutana, palikuwa na tundu ambalo penseli ingepita. Ndani ya tundu aliona kiganja chake mwenyewe.

Akakumbuka sharti la tatu. Akajikaza kisabuni, akaiweka sarafu mezani kana kwamba ni ganda la karanga, akavuta boksi la mpira wa kiuno na kuanza kupima kwa rula ya mbao.

"Ulisema mita ngapi?"

"Mita za nini?"

"Za mpira."

"Mpira sijakuomba," Mama Sare akasema. "Nimekuja na washa tu."

"Hata hivyo utauhitaji." Naye akaendelea kupima, mpira ukamwagika mezani, ukashuka sakafuni.

Mama Sare alimtazama, akautazama mpira, akaitazama sarafu. Hakusoma sana, lakini biashara aliinyonya kwa mama yake.

"Bi Vifungo, washa yangu ni kitu, siyo?"

"Ni kitu kidogo."

"Kidogo kama nini?"

"Kidogo tu."

"Kwa hicho kidogo umeshapima mpira wa kuvalisha shule nzima." Akavuta kigoda, akaketi. "Haya. Nipe lile jora la lesi, uchukue ndege wako."

Bi Vifungo hakuhitaji kuuliza jora lipi. Ndani ya kabati la kioo, rafu ya juu, lilikaa jora la lesi nyeupe katika karatasi ya buluu, lenye maua madogo kama punje za mchele, kila ua limefungwa fundo lake. Lesi kama ile haikutengenezwa tena. Wateja waliingia dukani kwa ajili ya kuitazama tu, wakatoka wamenunua zipu. Mabibi harusi walishambembeleza awauzie mpaka wakalia, na jibu lilikuwa lilelile: ile ni ya kutazama.

"Jora zima? Kwa sarafu iliyotobolewa?"

"Mimi siuzi sarafu, nauza washa," akasema Mama Sare. "Washa isiyo na tundu ndiyo mbovu. Na nina bibi harusi anasumbua lesi hiyo mpaka naota. Jingine: unipatie kitu cha kuweka mahali pake. Nimejaribu washa za dukani, cherehani kinalia kama bata aliyekanyagwa. Kaa nayo mpaka kesho asubuhi. Ukikataa, ndege wangu nawarudisha chini ya gurudumu wakazunguke, nina sare za watu."

Akaondoka. Bi Vifungo akabaki amezungukwa na mpira wa kiuno.

Alipohakikisha barabarani hakuna anayekuja, akauvuta ubao, akaiweka sarafu katika kishimo chake. Ikaingia kwa mlio mdogo, ikakaa sawa na wenzake. Kwa mbali ubao ulikuwa umetimia. Kwa karibu, kitambaa cha kijani kilimchungulia katikati ya ndege kama jicho la paka. Akaitoa. Akairudisha. Akaitoa tena. Mteja aliyeingia kuomba vifungo vya koti alipewa vya pajama.

Alasiri Keshia akaja kama kawaida yake, gazeti kwapani, kucha safi kama za mtu ambaye bado anahesabu noti za watu. Hakuwahi hata kukaa.

"Shemeji, mbona uso umekuwa hivyo? Kaka yangu amekukosea?"

"Bado sijui. Hebu tazama hii, lakini usiseme kitu kwanza."

Keshia akatoa kioo chake cha kukuzia, akainama. Masikio yakamwiva.

"Ndege wawili," akasema kwa sauti ndogo. Kisha, "Lo, shemeji. Wamewang'oa midomo."

"Nimeona."

"Angalau hawatagombana tena."

"Keshia, mimi nina jambo zito, wewe unaleta mzaha."

"Jambo zito lipi? Hii ni maiti. Sarafu ikishatobolewa imekufa, hakuna mkusanyaji atakayeigusa. Ukiiweka ubaoni, kila atakayeutazama ataona tundu, hataona nyingine. Umekaa miaka yote hiyo na ubao usio na dosari, leo uutie kilema kwa jora la lesi? Nani amekuroga?"

"Na nisipoichukua?"

"Usichukue."

"Niirudishe kwa Mama Sare, izunguke chini ya gurudumu."

Keshia akakunja gazeti, akalikunjua. "Hapo sasa. Kurudishwa huko nako si vizuri. Ukiona huitaki kabisa, mimi naweza kuongea naye. Niihifadhi tu. Kwa ajili ya kuichunguza."

"Aha. Kwa hiyo maiti huyu utamzika kwako."

"Nimesema kuichunguza."

"Na wewe ubao wako una kishimo kitupu cha ndege wawili, shemeji. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa." Bi Vifungo akacheka mpaka akashika meza, na Keshia, aliyeona amekamatwa mchana kweupe, akacheka naye.

Lakini kicheko kilipoisha, jambo lilikuwa palepale. Akitoa jora, kabati la kioo litabaki uchi, na ubao utakuwa na mgeni mlemavu ambaye yeye mwenyewe angemfukuza kama angemkuta kwenye ubao wa mtu mwingine yeyote. Dada yake akisikia, atakuja na ile sarafu yake iliyomeguka na kuidai nafasi. Asipotoa, kishimo kitabaki wazi, na kila asubuhi akivuka barabara atasikia gurudumu la Mama Sare likizunguka, naye atajua kilichomo.

"Ila tuseme ukweli kuhusu aliyeitoboa," Keshia akasema, kioo bado jichoni. "Mkono wake mzuri. Akili yake mbaya, mkono wake mzuri. Tundu liko katikati sawasawa, na limepunguzwa ukingo pande zote mbili. Tazama. Hata kidole hakikwaruziki."

Bi Vifungo akapitisha kidole. Kweli, halikukwaruza. Akapitisha tena, na safari hii alikitoa kidole kama mtu aliyegusa birika la moto.

Ukingo ule aliujua. Aliugusa kila siku ya Mungu. Ulikuwa kwenye matundu ya rula yake ya mbao, kwenye kitasa cha kabati, kwenye kichungio cha chai jikoni. Katika mtaa ule palikuwa na mtu mmoja tu ambaye, akishatoboa kitu kwa keekee, hawezi kukiacha hivihivi. Lazima aizungushe ncha kwa mkono, upande huu na upande ule, mpaka tundu liwe laini kama limelambwa.

"Keshia," akasema, "jioni utakunywa chai kwetu."

"Nina shughuli."

"Utakunywa chai kwetu."

Fundi alirudi jua likiwa bado linaangaza dirishani, na begi lake la vifaa, na njaa yake. Akanawa, akaketi, akamsalimu mdogo wake, akaanza kueleza habari za chuo: jinsi wanafunzi walivyotia mafuta ya kupikia kwenye vyerehani. Mkewe akammiminia chai. Kando ya kikombe, juu ya kisahani, akaweka sarafu.

Mtu mwingine angeona ndege. Fundi hakuona ndege. Aliinua kisahani karibu na dirisha, akaitazama sarafu kwa jicho moja, akachungulia mtaa kupitia tundu.

"Tundu zuri hili," akasema.

Keshia akafungua mdomo. Bi Vifungo akamkanyaga mguu.

"Eti, Baba Watoto? Zuri?"

"Zuri sana. Huyu ni fundi. Ona alivyopiga alama ya katikati kwanza kabla ya kutoboa, hakubahatisha. Kisha ameusafisha ukingo. Vijana wa siku hizi hawafanyi hivi, wanatoboa, wanatupa, washa inakula ekseli ya gurudumu. Huyu alipenda kazi yake." Akaipitishia kidole gumba, polepole. Kidole kikasimama. Akaigeuza. Uso wake ukaanza kubadilika, kama anga linavyobadilika kabla mtu hajajua ni kwa nini. "Mmeitoa wapi?"

"Chini ya gurudumu la Mama Sare."

"Ooh," Fundi akasema. Akarudisha kisahani mezani. Akanywa chai iliyokuwa bado ya moto, akaungua ulimi.

"Ni wewe," mkewe akasema.

"Ni mimi. Ni ule mwaka washa zilipokosekana madukani. Mama Sare alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi, analia, cherehani hakiendi. Nikatafuta kitu cha shaba cha unene ule."

"Ukakitoa wapi?"

Fundi alitazama mlango. Mlango ulikuwa mbali.

"Fundi. Ulikitoa wapi?"

"Kwenye kopo lako."

"Kopo lipi?"

"Lile la chenji unazoweka pembeni uzikague ukipata nafasi. Nilizipima zote, Mama Watoto, moja moja. Hii ndiyo ilikuwa nene kidogo kuliko wenzake, ikakaa kwenye ekseli kama imezaliwa hapo. Nikafurahi sana."

Kisha Keshia akaanza, chinichini, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Akacheka mpaka miwani ikadondoka, akaiokota, akaivaa juu chini. "Ulikuwa nayo, shemeji. Miaka yote hii. Ulikuwa nayo nzima, ina midomo, ndani ya kopo. Kaka yangu akaipima, akaona ni nene, akasema hii ndiyo yenyewe. Hakukosea. Unene ule ni wa mwaka ule tu. Macho ya fundi hayo."

Bi Vifungo alitaka kukasirika. Alijaribu kwa dhati. Alikunja uso, akashika kiuno, lakini kila alipomtazama mumewe, aliyekuwa amekaa kama mwanafunzi aliyekutwa na mafuta ya kupikia mkononi, kicheko kilimponyoka puani. Mwishowe akaketi, akafuta macho kwa kanga.

"Basi jambo limekwisha," Keshia akasema alipopata pumzi. "Mali yako iliibiwa. Kesho unamwambia Mama Sare, hii ni yangu, lesi hupati."

"Hapana," Fundi akasema. "Nilimlipisha."

"Ulimlipisha washa?" mkewe akauliza.

"Nilimlipisha washa. Na kazi ya kutoboa."

"Na kazi ya kutoboa," Bi Vifungo akarudia taratibu, aipate ladha yake yote. "Basi ni yake halali."

Akaichukua sarafu, akaenda nayo dukani, nao wakamfuata na vikombe vyao. Akauweka ubao juu ya meza. Alizitazama zile nzima, zilivyolala zimeng'aa kidogo, kila moja kimya. Zilipita kwa nani, zilinunua nini, nani alizilalia chini ya mto, hakujua hata moja. Hii ya ndege alijua ilipokaa mwaka hata mwaka. Ilikaa kwake hakuiona. Ikakaa mkononi mwa mumewe aliyeiona unene tu. Ikazunguka chini ya miguu ya Mama Sare, na juu yake zikashonwa sare za watoto wa mtaa, pamoja na wake mwenyewe wanne.

"Nimekata shauri," akasema. "Naichukua."

"Na tundu lake?" Keshia akauliza. "Na sharti la pili?"

"Sharti la pili ni la sarafu za watu. Hii imeharibiwa na mtu wa nyumbani."

"Ngoja nzima, shemeji. Labda ipo mahali."

"Labda ipo. Nikiipata nzima, huyu ataitoboa."

Fundi hakupinga. Aliuliza tu kama ile chai ipo nyingine.

Asubuhi walivuka barabara wote watatu. Bi Vifungo alibeba jora katika karatasi yake ya buluu, amelikumbatia kama mtu anayempeleka mtoto bwenini. Fundi alibeba begi. Keshia alibeba gazeti, akidai yuko njiani kwenda kwingine.

Fundi akalala chini ya cherehani, miguu ikabaki nje. Washa ya kwanza aliyoitia ilipiga kelele kwa kila mzunguko. Ya pili ilinyamaza mpaka Mama Sare alipokanyaga pedali kwa nguvu, ikalia kama mlango wa zamani.

"Bata bado yumo," Mama Sare akasema, na mkono wake ukaegemea kiti palipokaa jora, hakulichukua.

Sauti ya Fundi ikatoka chini. "Mama Watoto, huna sarafu nyingine nene kidogo?"

"Thubutu," mkewe akasema, na Keshia akafunika mfuko wa shati kwa kiganja.

Basi Fundi akatoka, grisi mpaka kwenye nyusi, akafunua begi na kuchagua kipande cha bamba la shaba alichokikata kwenye cherehani kilichokufa. Akakiweka mezani, akapiga alama ya katikati. Akatoboa. Akapiga tupa, akapima, akapiga tupa tena. Kisha akaizungusha ncha kwa mkono, upande huu na upande ule, na mkewe akasimama karibu na kuutazama mkono ule unavyofanya.

Mama Sare akaketi. Akainamisha kichwa, sikio likielekea gurudumu, akakanyaga pole, akakanyaga haraka, akapitisha kipande cha kitambaa cha buluu chini ya sindano mpaka kikatoka upande wa pili na mshono wake. Kilichosikika ni sindano peke yake.

"Amekwenda," akasema. "Bata amekwenda."

Bi Vifungo akampa jora. Walilishika wote wawili kwa muda kidogo, mmoja huku na mmoja huku, kisha Bi Vifungo akaachia.

"Ukate vizuri."

"Bi Vifungo, mimi ndiye wa kuambiwa hivyo?"

"Nakwambia tu. Na wewe uniite nije nimtazame huyo bibi harusi akiivaa."

Waliporudi dukani, ukazuka ubishi mwingine. Fundi alitaka sarafu ilazwe upande wa mwaka, maana upande ule, alisema, tundu lake lilitoka safi zaidi. Mkewe akamwambia akanawe. Akaiweka mwenyewe katika kishimo, ndege juu, akaisogeza kwa ncha ya kidole mpaka vichwa vikakaa sawa, akaurudisha ubao chini ya meza.

Keshia alikuwa bado amesimama mlangoni, yule aliyekuwa njiani kwenda kwingine.

"Shemeji, hebu utoe tena ubao."

"Si umeshaiona? Si uliniambia ni maiti?"

"Jana niliona tundu tu," Keshia akasema, akivuta kigoda. "Ndege wenyewe sijawatazama."

Bi Vifungo akautoa ubao.